Kutoka "Mungu yuko" hadi "Mungu yupo hapa": mwongozo kwa Mkristo wa siku za kazi

Ukimuuliza Mkristo yeyote wa Dodoma, awe anauza nyanya katika soko la Majengo au anashughulika na majalada katika ofisi za serikali huko Mtumba, kama Mungu yuko, atakujibu bila kusita kwamba yuko. Ukimuuliza tena kama Mungu alikuwapo jana saa nne asubuhi, alipokuwa akibishana na mteja juu ya chenji au akisubiri kwa hofu kuitwa na mkubwa wake, huenda akatabasamu tu, kwa sababu hajawahi kulipokea swali hilo kwa namna hiyo. Kiswahili chetu kinazitofautisha vizuri hali hizi mbili. "Yuko" husemwa juu ya aliye mahali fulani pasipoonyeshwa kwa yakini. "Yupo" husemwa juu ya aliye mahali panapojulikana, hapa nilipo au pale ninapopaonyesha. Katika Zaburi 139, ambamo mwimbaji anapapasa juu mbinguni na chini kuzimu, Biblia ya Kiswahili inasema, "Wewe uko", lakini katika Zaburi 23, mtu anapokuwa amefika bondeni na giza limemzunguka, inasema, "Wewe upo pamoja nami." Sitaki kujenga fundisho zima juu ya kiambishi, na ninajua kwamba katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu huvichanganya bila hasara. Hata hivyo, safari yote ninayoieleza katika mwongozo huu ni hiyo ya kutoka kwenye "ko" kuja kwenye "po".

Nimeziandaa hatua hizi kutokana na miaka kadhaa ya kufundisha darasa la kipaimara na kuongoza ibada za jumuiya za nyumba kwa nyumba. Zifuate kwa utaratibu wako, ukiipa kila hatua wiki moja au zaidi kabla ya kuingia inayofuata, isipokuwa hatua ya tano, ambayo utaihitaji siku usiyoichagua.

Hatua ya kwanza: Tenganisha ahadi na hisia

Anza hapa, kwa sababu atakayeiruka hatua hii atachoka kabla ya mwezi kwisha. Katika makanisa yetu tumezoea kusema kwamba "uwepo wa Mungu umeshuka" pale kwaya inapoimba vizuri, vipaza sauti vinapofanya kazi na watu wanapotokwa machozi. Sina ugomvi na machozi hayo; mimi mwenyewe nimelia mara nyingi. Ninachokikataa ni hitimisho linalofuata kimyakimya, yaani kwamba Jumanne asubuhi, pasipo kinanda wala machozi, uwepo huo umepanda tena ulikotoka. Mtu aliyefundishwa hivyo huishi akingoja Jumapili kama abiria anayengoja basi, na siku sita za katikati huzihesabu kuwa ni siku za kituoni.

Soma Mathayo 28 kuanzia mstari wa 16, polepole, kabla ya kuufikia ule wa mwisho tunaoupenda. Wanafunzi kumi na mmoja walipomwona Yesu mlimani Galilaya walimsujudia, lakini Mathayo anaongeza kwamba baadhi yao waliona shaka. Hakuwatenga wenye shaka ili ahadi iwe ya waliobaki. Aliwaambia wote kwa pamoja, "na tazama, mimi nipo pamoja nanyi siku zote, hata ukamilifu wa dahari." Ahadi hiyo haikutolewa kwa kipimo cha joto la mioyo yao, ilisimama juu ya neno la aliyeitoa. Kazi ya hatua hii, basi, ni kuuandika mstari huo kwenye karatasi kwa mkono wako mwenyewe na kuuweka mahali unapopitisha macho kila siku: ndani ya kabati la sahani, kwenye droo ya fedha dukani, au nyuma ya kitambulisho chako cha kazi. Usiuweke ukutani sebuleni. Vitu vya ukutani huzoeleka, na baada ya wiki mbili huonekana na wageni tu.

Kisha soma Mwanzo 39 na uhesabu mara ambazo sura hiyo inasema kwamba Bwana alikuwa pamoja na Yusufu. Inasema hivyo alipokuwa msimamizi katika nyumba ya Potifa na mambo yakimnyokea. Inasema hivyohivyo alipotupwa gerezani kwa kosa ambalo hakulitenda. Yeyote anayekufundisha kwamba ukiona mambo yameharibika ujue Mungu ameondoka, mwombe kwa adabu akusomee sura hiyo.

Hatua ya pili: Chagua vituo vitatu vya siku

Ukumbusho usiofungwa kwenye jambo maalumu hupotea. Ndiyo maana mwimbaji wa Zaburi 55 anataja saa zake: "Jioni, asubuhi, na adhuhuri nitalalama na kuugua", na Danieli huko Babeli alipiga magoti mara tatu kwa siku katika chumba ambacho madirisha yake yalielekea Yerusalemu. Sisi tunaoishi mjini hapa tumezungukwa na majirani Waislamu ambao huacha kazi kwa ajili ya sala mara tano kwa siku. Sioni aibu kukiri kwamba adhana ya alasiri imenikumbusha mara nyingi kwamba mimi pia nina Mungu wa kuzungumza naye, nami nilikuwa nimezama katika hesabu za mafundi.

Usitafute saa mpya. Tafuta jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukosa, na ulifanye kituo. Anayeteka maji achukue muda ndoo inapojaa; anayepanda daladala achukue muda kati ya kukaa kitini na kudaiwa nauli; anayepika achukue ule muda maji ya ugali yanapochemka kabla ya kutia unga wa uwele au wa sembe. Mwendesha bodaboda asifumbe macho, kwa sababu ambazo sihitaji kuzieleza, lakini anaweza kuchukua dakika ya kuvaa kofia ngumu. Vitosheke vitatu: kimoja cha asubuhi, kimoja cha mchana, kimoja cha jioni. Niliwahi kumwona kijana mwenye bidii akijiwekea vituo kumi na viwili. Alidumu siku nne.

Katika kituo fanya jambo moja tu. Simamisha mawazo, useme kwa sauti ndogo au moyoni, "Bwana, upo hapa," kisha utaje mahali ulipo kwa jina lake: "Upo hapa kisimani." "Upo hapa stendi ya Nanenane." Kulitaja jina la mahali kunaweza kuonekana kama mchezo wa watoto, lakini ndiko kunakoitoa imani yako kwenye "ko" na kuileta kwenye "po". Yakobo hakusema kwamba Bwana yuko kila mahali, ingawa maneno hayo yangekuwa kweli. Alipoamka pale Luzu, akiwa amelaza kichwa juu ya jiwe, mtoro aliyemkosea kaka yake, alisema, "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua."

Hatua ya tatu: Jifunze sala ya pumzi moja

Nehemia alipokuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi aliulizwa ghafla ana haja gani. Alikuwa amesimama mbele ya mtu ambaye angeweza kumpa kibali au kumwangamiza, na hapakuwa na nafasi ya kwenda faraghani. Yeye mwenyewe anasimulia, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni," na sentensi inayofuata tayari anamjibu mfalme. Sala hiyo haikuzidi pumzi moja, na mfalme hakujua kwamba imesalika. Tusisahau kwamba ilitanguliwa na siku kadhaa za kufunga na kulia katika sura ya kwanza. Sala fupi hupata nguvu kwa mtu ambaye ana mahali pengine pa sala ndefu.

Andaa sala zako mbili au tatu kabla ya haja kutokea. "Bwana, shika ulimi wangu" inamfaa anayeingia kikaoni. "Upo hapa, nami ninaogopa" inamfaa aliye kwenye benchi la hospitali akisubiri majibu ya vipimo. Kama lugha ya mama yako ni Kigogo, Kirangi au Kisandawe, omba katika lugha hiyo. Wazee wetu Wagogo walimwita Mungu Mulungu kabla wamisionari hawajafika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na jina hilo likaendelea kuitwa katika ibada za Kikristo. Neno ulilolisikia ukiwa mgongoni mwa mama hutoka haraka zaidi wakati wa hofu kuliko lile ulilolisoma darasani.

Hatua ya nne: Mlete Mungu katika mizani na malipo

Wengi hudhani kwamba kuufahamu uwepo wa Mungu ni jambo la faraja peke yake. Waraka kwa Waebrania unaoinukuu ile ahadi tamu, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa," unaitaja katikati ya onyo juu ya kupenda fedha. Mwandishi anawataka wasomaji wawe radhi na vitu walivyo navyo, kwa sababu Mungu amesema hatawaacha. Ahadi hiyo tunayoisoma misibani imeandikwa kwanza kwa ajili ya mtu mwenye pochi mkononi.

Kwa hiyo chagua jambo moja la fedha katika kazi yako ambalo ungelifanya tofauti kama Yesu angekuwa amekaa kwenye kigoda mbele yako, kisha ulibadilishe wiki hii. Muuza nafaka analijua kopo lililobonyezwa kitako. Mnunuzi wa mazao anaijua lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kuongezwa kilemba juu, ambalo mkulima wa Kongwa au Chemba hulipwa kwa bei ya gunia la kawaida. Mtumishi wa ofisini anazijua posho za safari ambayo haikufanyika. Huwezi kukaa kisimani asubuhi ukisema "Bwana, upo hapa" na saa tano ukafanya biashara kana kwamba ametoka kidogo. Nimeona watu wakiacha sala kwa sababu hii hasa, wakidhani wamechoka kiroho, kumbe wanakwepa kuonekana.

Upande wa pili wa hatua hii ni faraja. Kazi isiyo na heshima mbele ya watu inafanywa mbele za Mungu vilevile. Katika karne ya 17 huko Paris, bradha mmoja Mkarmeli aliyeitwa Lawrence alipangiwa kazi ya jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda, naye akajizoeza kuzungumza na Mungu kati ya masufuria hadi asione tofauti kubwa kati ya saa za kazi na saa za sala. Mama lishe wa Sabasaba anayeamka saa kumi usiku kuwasha mkaa ana jiko kama lake.

Hatua ya tano: Fahamu la kufanya wakati wa kiangazi

Mvua zetu za Dodoma ni za msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na zikishaondoka ardhi hukauka kwa miezi mingi. Mtu aliyelelewa hapa hashangazwi na kiangazi. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akipita katika majira ambayo sala haina ladha, Biblia haisemi kitu na mbingu ni kama bati, hudhani ni yeye peke yake yaliyempata, au kwamba amelaaniwa.

Mwaka mmoja mvua ilikatika katikati ya msimu, uwele wangu ukiwa umefika kiunoni, na mwezi huohuo tukamzika mdogo wangu. Kwa muda wa miezi saba hivi sikuweza kuomba kwa maneno yangu mwenyewe. Niliendelea kwenda kanisani kwa sababu moja isiyo ya kiroho: funguo za stoo zilikuwa kwangu, na nisingefika, viti visingetolewa. Nilikuwa nikipanga viti, nakaa kiti cha mwisho, nasikiliza wengine wakiomba, kisha narudisha viti. Leo sitasema kwamba nilimsikia Mungu akiniambia lolote kati ya viti vile. Ninasema tu kwamba nilikuwa nimebebwa na sala za watu ambao hawakujua wananibeba.

Kutokana na majira hayo nina mashauri manne, na la kwanza ndilo zito kuliko yote. Mlalamikie Mungu mwenyewe. Usimlalamikie kwa majirani huku ukimwimbia sifa kwa midomo. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ni maneno ya Zaburi 22 ambayo Bwana wetu aliyasema msalabani, na ukiyatazama vizuri utaona kwamba anayeulizwa kwa nini ameondoka ni yeye anayesemeshwa. Mtu hamwulizi swali aliyeondoka kweli. Zaburi 88 haimaliziki kwa shangwe yoyote; inaishia gizani, nayo imeachwa humohumo ndani ya Biblia ili mtu wa aina hiyo awe na kitu cha kusoma. Chukua zaburi hizo mbili, uzisome kwa sauti asubuhi kama sala yako, na usijilazimishe kuongeza "lakini nashukuru" mwishoni.

La pili, kula na ulale. Elia alipokimbilia jangwani akaomba afe, malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, mlimani. Kama hulali kwa majuma mengi, kama chakula kimekuwa adui, au kama unawaza kujidhuru, mwambie mtu leo na uende kutibiwa. Hapa Dodoma tuna hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, na tuna tabia mbaya ya kuifanyia utani kana kwamba mtu akitajwa pamoja nayo amekwisha. Mkristo anayekwenda huko hajamwacha Mungu langoni. Huyu aliyeahidi kuwa pamoja nasi siku zote hakusema "isipokuwa wodini".

La tatu, jihadhari na wauzaji. Katika kiangazi huja watu wenye maji ya chupa na mafuta, wakidai kwamba uwepo wa Mungu utarudi nyumbani kwako ukitoa kiasi fulani. Aliye pamoja nawe hahitaji kuletwa kwa nauli.

La nne nimejifunza kwa akina mama wa vijijini kwetu. Mito yetu mingi ni makorongo ya mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni akipita hapo ataapa kwamba hakuna maji. Wao hupiga magoti mahali palepale walipochota mwaka jana, wakachimba mchanga kwa kata au kwa mikono, wakasubiri maji yajikusanye taratibu. Hawachimbi popote. Nawe katika kiangazi usihangaike na mambo mapya. Rudi kwenye zaburi ileile, kituo kilekile cha asubuhi, kiti kilekile kanisani, ukachimbe pale ambapo uliwahi kupata, hata kama kwa sasa unaona mchanga tu.

Hatua ya sita: Kagua siku kabla ya kulala

Hatua hii ni fupi. Kabla ya kuzima taa, ipitishe siku yako akilini kuanzia ulipoamka, ukitafuta mahali pamoja ambapo unaweza kusema maneno ya Yakobo, kwamba Bwana alikuwapo nawe hukujua. Huenda ni jirani aliyekukopesha chumvi, au neno kali ambalo uliliziba mdomoni. Liandike kwa mstari mmoja katika daftari dogo lenye tarehe. Pasipoonekana kitu, andika tarehe peke yake na ulale. Kurasa hizo zenye tarehe tupu usizichane. Ukizisoma baada ya mwaka mmoja, baadhi yake utakuwa na la kuzijazia.

Hatua ya saba: Uwe wewe "nipo" wa mtu mwingine

Waswahili tunajua jambo ambalo vitabu vingi vya dini huchukua kurasa nyingi kulieleza. Palipo na msiba tunakwenda, tunavua viatu, tunasema pole, tunakaa mkekani. Hatumwelezi mfiwa kwa nini imetokea. Tunakaa tu, na mfiwa baadaye hakumbuki tulisema nini. Anakumbuka nani alikuwapo. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo kwa siku saba bila kusema neno, na mambo yakaharibika walipofungua vinywa.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, mji umejaa watu wanaoishi katika vyumba vya kupanga, familia zao zikiwa Dar es Salaam au kwingineko. Wengine hukaa karibu nasi kanisani tusijue majina yao. Chagua mmoja. Mtembelee siku ya kazi, si Jumapili, bila kupeleka somo lolote, na ukae naye muda wa chai. Kama ni mgonjwa, mkalie. Kama ameajiriwa juzi na hajui soko lilipo, mpeleke. Yule aliye katika kiangazi chake huenda asiweze kuamini kwamba Mungu yupo chumbani mwake mpaka amwone mtu wa Mungu amekalia kiti chake cha plastiki.

Ukisahau

Utasahau. Kuna siku utafika jioni ukagundua kwamba vituo vyote vitatu vimepita, na kuna majuma mawili yatakayopotea kabisa wakati wa kilimo au wa bajeti. Wanaolima zabibu Hombolo na Mpunguzi wataelewa kwa nini Yesu alisema, "Kaeni ndani yangu, nami ndani yenu," akiwa anazungumza juu ya mzabibu: tawi hupokea maji kutoka shinani usiku na mchana kwa sababu limeungana na shina, hata saa ambazo mkulima amelala. Kumbukumbu yako haimshikilii Mungu asiondoke. Inakufungua macho tu umwone aliyekuwapo.

Kwa hiyo ukikosa kituo cha asubuhi, usikifidie kwa kusali mara mbili adhuhuri, na usianze kwa hotuba ndefu ya kujilaumu. Subiri kituo kinachofuata. Ndoo ikianza kujaa, taja mahali ulipo, kisha ujitwishe maji uende nyumbani.